Mwaka Niliokataa Kujua

Juzi jirani yangu alikuwa anamfukiza mjukuu wake kwa majani ya mwarobaini. Nilisimama mlangoni kwake nikitaka kumrudishia ungo, na ile harufu ikanifikia kabla sijabisha hodi. Nyie wa rika langu mnaijua: ule uchungu unaoshika kooni hata hujaonja kitu, blanketi zito kichwani, sufuria ya maji ya moto kati ya miguu, na mkono wa mama umekukamata bega usichomoke. Niliuacha ungo kwenye baraza nikarudi nyumbani.

Habari za dada yangu Imelda sijawahi kuziandika. Watoto wangu wanajua tu kwamba nilikuwa na dada, akafa angali mdogo, basi. Mama naye tulimzika mwaka jana, kwa hiyo waliokuwepo asubuhi alipoanza kuugua wote wameondoka, nimebaki mimi. Nikinyamaza, hakuna mwingine wa kusema.

Tulikuwa wawili tu kwa wazazi wetu. Kijiji chetu kiko ukingoni mwa Ziwa Nyasa, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu mpaka Lituhi, au saa mbili tatu kwa mtumbwi kama ziwa limetulia. Baba alikuwa mvuvi. Mama alilima muhogo na kuanika usipa, wale dagaa wembamba wa kwetu, juu ya chanja za matete pale mchangani. Nyumba yetu ilinuka usipa mwaka mzima, na sisi hatukujua kwamba inanuka mpaka ndugu walipoteremka kutoka milimani Mbinga, kwenye kahawa na baridi yao, wakawa wanavuta pumzi kidogokidogo kwa adabu.

Imelda alinizidi miaka miwili, lakini tulisoma darasa moja. Siku alipoanza la kwanza nilimfuata nikilia, nikakaa nje chini ya dirisha la darasa. Nilifanya hivyo siku tatu, mpaka mwalimu akachoka kunifukuza akaniingiza ndani. Tangu hapo tulikaa dawati moja, yeye upande wa dirishani, mimi upande wa njia, hadi tukafika darasa la saba.

Mimi ndiye niliyekuwa na akili. Nalisema bila haya kwa sababu ndivyo nyumba nzima ilivyosema, kama watu wanavyosema huyu mweupe, huyu mweusi. Nilikuwa wa kwanza darasani, Imelda wa mwisho au wa pili kutoka mwisho. Lakini alikuwa na mambo yake. Aliwasha moto kwa kuni mbichi wakati wengine tukitoa machozi kwa moshi. Kanisani, wimbo mpya ukiimbwa mara moja tu, mara ya pili yeye alikuwa tayari ameshika sauti ya pili, na wanawake wazima wa kwaya wakawa wanamfuata. Alijua, kwa jinsi baba alivyolitua kafi lake ukutani, kama siku hiyo anaweza kuombwa jambo au aachwe kwanza ale. Hakuna aliyeyaita hayo akili. Hata mimi sikuyaita hivyo.

Jioni mama alikuwa na swali lake moja. Tukisharudi kuchota maji, akiwa anasonga ugali, alituuliza kwa Kinyasa, "Leo mmejifunza nini?" Mimi nilitaja mambo: sehemu zisizo halisi, miji mikuu, mfumo wa damu. Imelda alisimama akaigiza namna mwalimu alivyofundisha mambo hayo, na mama alicheka mpaka mwiko ukakwama. Mama mwenyewe aliishia darasa la nne. Nadhani lile swali lilikuwa ndiyo shule yake.

Hisabati tulifundishwa na Mwalimu Zuhura. Alikuwa mgeni kwetu, serikali ilimleta kutoka Tanga, na Kiswahili chake kilikuwa laini hivi kwamba mwanzoni tuliona aibu kufungua vinywa mbele yake, sisi ambao Kiswahili tuliongea shuleni na kanisani tu. Alivaa ushungi hata siku za joto kali. Kila Ijumaa alitupa jaribio, na kila Ijumaa Imelda alitamani kuwa mahali pengine.

Sasa niseme la Ijumaa ile.

Tuliamka, Imelda akasema kichwa kinamuuma. Alikuwa amechuchumaa jikoni akipuliza moto. Mama akamsogelea, akamgusa, akasema labda abaki nyumbani, atamchemshia mwarobaini ajifukize. Mimi nilikuwa nafunga kamba ya kiatu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilipenda sana kuona mpangilio wa mambo, jinsi jambo moja linavyofuata jingine. Nikasema, "Mama, kila kukiwa na jaribio Imelda anaumwa. Ijumaa ile ilikuwa tumbo. Kabla ya hapo jino."

Ilikuwa kweli. Tumbo lilipona saa nne asubuhi ile ile, na jino halikutajwa tena. Mama akatuangalia mmoja mmoja, kisha akacheka kidogo puani. Akamwambia Imelda, haya, mwenye akili amekukamata, nenda shule. Imelda hakubishana. Alinitazama tu, akachukua daftari lake.

Njiani alitembea nyuma yangu. Nilimwambia aharakishe, mara mbili. Darasani Mwalimu Zuhura aligawa karatasi, na Imelda akalaza kichwa juu ya dawati. Mwalimu alimwambia akae vizuri, akakaa, kisha akalala tena. Mimi nilikuwa nimemaliza mapema. Nikafanya jambo nililokuwa nikilifanya siku zote mwalimu akigeuka: niliisogeza karatasi yangu polepole upande wake ili anakili japo majibu mawili matatu kabla mwalimu hajageuka tena.

Hakuangalia.

Nikaisogeza zaidi, mpaka ikagusa kiwiko chake. Hakuangalia. Na hapo ndipo nilipojua. Nilijua kwa hakika, kama ninavyojua sasa, kwamba dada yangu anaumwa kweli.

Jioni alikuwa anatetemeka chini ya mablanketi mawili. Mama alimfukiza, alimpa vidonge vya klorokwini vilivyokuwepo ndani, vile vilivyotufanya sote tujikune usiku kucha. Alfajiri alishikwa na degedege. Baba akasukuma mtumbwi majini, mama akakaa ndani amempakata, wakaelekea Lituhi hospitalini. Mimi niliachwa na shangazi Filomena, dada yake baba, nikaambiwa nimsaidie kugeuza usipa.

Walirudi kesho yake mchana. Niliuona mtumbwi kwa mbali nikakimbia hadi maji yakanifika magotini. Mama alikuwa ameinama, ameshika kitenge kwa mikono miwili juu ya Imelda, kumkinga jua. Nilifurahi. Nilijiambia, mtu hukingwa jua kama bado analisikia. Nikapunga mkono. Baba alikuwa anapiga kafi bila kuinua kichwa, na ni pale mtumbwi ulipogusa mchanga, shangazi akapiga yowe nyuma yangu, ndipo nikaelewa kilichomo ndani.

Malaria ilimpanda kichwani, ndivyo watu walivyosema msibani, wakiwaambia wageni waliofika. Niliyatafakari maneno hayo. Kwa nini ipande kichwani mwake, siyo mwangu, wakati tulilala kitanda kimoja? Jibu nililipata siku ya tatu ya matanga. Shangazi Filomena alikuwa amekaa mkekani na wanawake wenzake wakimenya muhogo, nami nipo nyuma ya ukuta wa matete. Akasema kwa kuugua, "Mungu ana mizani yake. Mmoja kampa akili zote, mwenzake kamchukua."

Leo najua alikuwa anatafuta tu neno la kusema, kama watu wote misibani. Lakini mimi nililichukua kama kanuni ya hisabati. Akili zote zilikuwa kwangu, ndiyo maana kichwa cha Imelda hakikuwa na wa kukilinda. Na si hivyo tu. Akili hizo hizo ndizo zilizofungua mdomo asubuhi ile jikoni. Mama aliniamini kwa sababu moja: mimi ndiye mwenye akili. Angesema mtoto mwingine, asingesikilizwa.

Na mama aliacha kuuliza lile swali. Hilo ndilo lililofunga hesabu. Jioni alisonga ugali kimya, akatenga, tukala watatu. Sikumsikia tena akisema, leo mmejifunza nini. Niliitazama mikono yake ikizunguka na mwiko, nikasadiki kwamba hataki tena kusikia kitu chochote kinachotoka kichwani mwangu.

Basi nikaamua. Sikulia, na watu wakasema, mtoto yule ana moyo mgumu. Niliamua kwamba kichwa hiki hakitatumika tena.

Msidhani ni jambo rahisi. Kukosa kwa makusudi ni kazi. Mara ya kwanza niliandika kwamba saba mara nane ni hamsini na nne, na mkono ulikataa, ilibidi niushike kwa mkono mwingine. Baadaye nikazoea. Niliruka maneno katika imla. Nilichora ramani nikaliweka ziwa letu upande wa Mtwara. Mwalimu akiuliza, nilitazama dirishani, upande aliokuwa akikaa Imelda, ambapo sasa palikuwa patupu. Kutoka nafasi ya kwanza nikaenda ya ishirini na kitu, kisha ya thelathini na kitu, kisha nikafika mwisho kabisa, pale alipokuwa yeye, na nilipofika nilipata raha ya ajabu. Walimu walinihurumia. Walisema ni msiba, mwacheni. Mwalimu mkuu alimwita baba, baba akasikiliza, akarudi nyumbani akanishika kichwa.

Lakini kichwa hakikunyamaza. Nikienda kisimani kilihesabu hatua. Kanisani kiligawanya mabenchi kwa watu. Nilikuwa nakikamata kikifanya hivyo na kuona haya, kama mtu aliyekamatwa akidokoa nyama ya mgeni.

Ikapita miezi. Ulikuja mtihani wa majaribio wa wilaya, ule wa kujipima kabla ya mtihani wenyewe wa kumaliza darasa la saba. Mtakumbuka ulivyokuwa: swali, na chini yake majibu matano, A mpaka E, chagua herufi. Nilifanya nilivyozoea. Nilitafuta jibu sahihi, kisha nikaandika herufi nyingine.

Siku karatasi ziliporudishwa, Mwalimu Zuhura aligawa zote isipokuwa yangu. Kengele ya kwenda nyumbani ilipogongwa, ile rimu ya gari iliyoning'inia kwenye mti, akaniambia nimfuate nyumbani kwake. Aliishi chumba cha pili katika nyumba za walimu. Alinipa kigoda, akakaa kwenye mkeka, akavuta ungo wa mchele na kuanza kuchagua mawe. Alifanya hivyo kwa muda, kama vile amenisahau.

"Maswali yalikuwa mangapi?" akauliza.

"Hamsini, mwalimu."

"Na kila swali majibu matano." Akarusha kijiwe nje ya mlango. "Mbuzi wenu angekanyagakanyaga karatasi ile kwa kwato zake, angepata kumi. Mtoto asiyejua kitu akabahatisha, atapata kumi, pengine nane, pengine kumi na mbili. Wewe umepata sifuri."

Nilitazama miguu yangu.

"Nimefundisha miaka mingi, sijaona sifuri ya hamsini. Sifuri hiyo hawezi kuipata mjinga. Anaipata mtu anayejua majibu yote hamsini, akayakwepa moja moja." Alisema bila ukali. "Sasa niambie unamkwepa nani."

Sijui kwa nini nilisema. Labda kwa sababu hakuwa mtu wa kwetu, na asingeyapeleka maneno yangu kwa shangazi. Labda kwa sababu alikuwa ameniona, na kwa miezi mingi hakuna aliyekuwa ameniona. Nilimweleza yote, la jikoni, la tumbo na jino, la karatasi niliyoisogeza. Kiswahili kiliponiishia niliongea Kinyasa, na nadhani alielewa.

Nilingoja aseme si kosa langu. Watu wazima husema hivyo upesi, ili mtoto anyamaze. Yeye hakusema. Ungo ulikuwa umetulia mapajani mwake.

"Siku ile nilimwona amelala juu ya dawati," akasema. "Nikamwambia akae vizuri. Nilidhani uvivu. Hilo nalala nalo. La jikoni siwezi kukujibu, mwanangu, sikuwepo. Aliyekuwepo ni mama yako. Kamuulize yeye."

Nilikuwa nikitumaini atanipa kitu kingine chochote, hata viboko. Nilitoka pale. Nikaenda moja kwa moja ufukweni, kwa sababu nilijua nikipitia nyumbani kwanza sitakwenda tena.

Mama alikuwa kwenye chanja, anageuza usipa kwa viganja. Jua lilikuwa limeanza kulegea. Nilimwamkia, akaitika bila kuangalia. Nikasimama upande wa pili wa chanja, nikaanza na mimi kugeuza, maana ilikuwa rahisi kusema huku mikono ina kazi.

Nikamwambia, "Mama, mimi ndiye niliyesema Imelda anasingizia."

Viganja vyake vilisimama.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mawili: anikane au anipige. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisema, "Ulisema. Nakumbuka."

Ziwa lilikuwa linapiga polepole nyuma yake. Kisha akaongea, akitazama usipa, siyo mimi.

"Kabla hujasema, nilikuwa nimemgusa shingo. Ilikuwa ya moto. Nikajiambia ni joto la jikoni, ameinamia moto muda mrefu. Nilikuwa na samaki wa kuanika, nilitaka jua lisinipite. Akibaki mtoto mgonjwa, siendi. Nilikuwa natafuta sababu ya kumwacha aende, wewe ukanipa." Akafuta mikono kwenye kitenge. "Sababu niliitafuta mimi. Wewe ulikuwa mtoto unaongea. Mama yake nilikuwa mimi."

Nikamuuliza kwa nini basi ameacha kuniuliza swali la jioni.

"Nilikuwa nauliza watu wawili," akasema. "Nikimuuliza mmoja, nasikia na yule asiyejibu. Nimeshindwa."

Kwa miezi yote ile niliamini kimya chake ni hukumu yangu. Kumbe alikuwa amejifungia humo na hukumu yake mwenyewe, hatua mbili kutoka kwangu, tukila sahani moja. Hakuna kilichonishangaza zaidi utotoni mwangu kuliko hicho.

Nikadhani tumemaliza, pengine atanikumbatia. Nikamwambia na lile la sifuri, karibu kwa fahari, kama mtu anayeonyesha mahali alipojikata kwa ajili ya mwenzake. Mama aliinua kichwa. Sijawahi kumwona na uso ule.

"Unakosa makusudi?"

"Ndiyo, mama."

"Imelda alikosa bila kupenda. Kila siku. Walimcheka, akawa wa mwisho, na kesho yake akaamka akaoga akaenda tena. Miaka saba." Sauti yake haikupanda. "Yeye angetoa nini ili ajue jambo moja unalolijua wewe. Na wewe unalitupa, halafu unasema unamlilia yeye?"

Akaninyooshea kidole upande wa chanja ambao bado haujageuzwa, akasema, "Maliza hapo." Tukamaliza. Tulifanya kazi bega kwa bega mpaka safu ya mwisho, na machozi yake yalikuwa yanadondokea usipa wala hayafuti.

Jioni ile, akisonga ugali, aliuliza. Ilibidi aanze mara mbili. "Leo umejifunza nini?" Baba aliinua kichwa akamtazama. Nikajibu kwamba nimejifunza kuwa mbuzi angepata kumi. Nikawaeleza kisa cha kwato, na baba, ambaye hakuwa amecheka tangu msiba, alicheka, kisha akatoka nje akakaa huko muda.

Natamani niseme kwamba kesho yake nilirudi nafasi ya kwanza. Haikuwa hivyo. Nilipofungua daftari kwa nia ya kujua, nilikuta sijui. Miezi ile niliyokuwa natazama dirishani, darasa lilikuwa limekwenda mbele. Riba, ujazo wa mcheduara, milinganyo: nilitazama ubao na haukusema kitu. Maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kukaa mbele ya swali nisilolijua kweli. Niliona jasho likinitoka kwapani. Niliona wenzangu wakiinua mikono, nikainamisha macho ili mwalimu asinitaje. Nilitamani tumbo liniume.

Hapo ndipo nilipomfahamu dada yangu, nikiwa nimekaa upande wake wa dawati, maana nilikuwa nimehamia dirishani. Hivi ndivyo alivyoishi. Alikuwa akiingia katika chumba hiki kila asubuhi, ukuta wa maneno mbele yake, akabaki ameketi hadi kengele, na jioni akapata nguvu ya kutuchekesha kwa mambo yale yale yaliyokuwa yamemshinda. Mimi nilijua majibu tu. Kuishi bila majibu nisingeweza hata wiki.

Nikaamua kwamba kama yeye aliweza miaka saba, mimi nitaweza miezi mitatu. Kila siku baada ya shule nilikwenda kwa Mwalimu Zuhura. Hakunipa huruma. Nikikosa, alinirudisha mwanzo, mara tano, mara sita, huku akipika au kufua. Nyumbani mama alidai nimfundishe yeye nilichofundishwa, na alikuwa mwanafunzi mgumu, hakubali jambo mpaka alione. Ujazo wa mcheduara niliueleza kwa ndoo ya maji. Akauliza kwa nini uzidishe nusu kipenyo chenyewe kwa chenyewe, nikasema ndiyo kanuni, akasema hiyo siyo sababu. Nilirudi kwa mwalimu kuuliza sababu. Nilikuwa nimekariri mambo mengi maishani. Lile la sababu nilianzia hapo.

Mtihani ulifika. Nilichaguliwa kwenda sekondari ya bweni, nikapanda milima kwenda kwenye baridi ya Mbinga na sweta la kuazima, na mengine yaliyofuata ni maisha ya kawaida, ualimu, ndoa, watoto. Siku ya matokeo siikumbuki vizuri. Ninayoikumbuka ni siku ya mtihani wenyewe.

Walikuja wasimamizi kutoka shule nyingine. Tulikalishwa mmoja mmoja, kila mtu na dawati lake, mbali mbali. Nilifanya maswali kwa kufuata mpangilio, sikuruka. Karibu na mwisho lilikuja la mcheduara, tangi la maji lenye kimo na kipenyo. Nikalisoma. Nikajua la kufanya, na nikajua kwa nini. Nikapiga hesabu pembeni, jibu likawa C.

Nikaandika C.

Ndipo kilio kikanijia. Kile ambacho hakikutoka ufukweni, wala kaburini, wala mbele ya mama, kilitoka pale, mabega yote yakitikisika, na sikuweza kukizuia. Nililia kwa sababu hapakuwa na mtu upande wa pili wa dawati wa kumsogezea karatasi.

Msimamizi, mzee mmoja mwenye miwani, alikuja akainama karibu nami. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama mtihani ni mgumu.

"Hapana, mwalimu," nikasema. "Najua."

Alinitazama, hakunielewa, akarudi mahali pake. Nikaifuta karatasi kwa upindo wa sketi isilowe. Yalikuwa yamebaki maswali manne. Nikayafanya.